Uzito wa Mwili, Afya na Unyanyapaa: Maelezo kwa Watumishi wa Sharika

Utangulizi

Katika sehemu nyingi za nchi yetu, mtu anayerudi kutoka safari ndefu husalimiwa kwanza kwa kutazamwa mwili wake. Akiwa amenenepa ataambiwa kuwa amenawiri, na maana yake ni kwamba huko alikokuwa alitunzwa. Akiwa amekonda ataulizwa kulikoni, na swali hilo huwa na shaka ndani yake. Hata hivyo, katika miaka ya karibuni salamu hizo zimeanza kugeuka, hasa mijini. Vijana hutumia neno "bonge" kwa mzaha unaochoma. Kitambi hutajwa kana kwamba ni ushahidi wa wizi. Na si mara chache mhubiri naye hunyoosha kidole kwa wanene wakati anapokemea ulafi.

Makala hii inakusudia kueleza yanayojulikana leo kuhusu uzito wa mwili na afya, pamoja na mabishano yaliyopo kati ya wataalamu, kwa ajili ya wale ambao kazi yao huwaingiza katika nyumba za wagonjwa. Jambo tunalotaka kulionyesha ni moja. Uzito waweza kutueleza kitu fulani juu ya hatari ya ugonjwa, lakini hautuelezi chochote juu ya mwenendo wa mtu. Na tunapoyachanganya mambo hayo mawili, watu hufa. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini, nikiwa mchungaji kijana katika usharika wa vijijini, niliitwa kumwombea binti wa miaka kumi na minne hivi. Alikuwa amekonda kwa muda wa majuma machache mpaka gauni lake la shule likawa linamning'inia. Alikunywa maji mengi mno, aliamka usiku mara kwa mara kwenda haja ndogo, na siku ile pumzi yake ilikuwa nzito. Nyumba nzima ilikuwa imekwisha kuamua ugonjwa wake ni upi, kwa kuwa baba yake, aliyekuwa dereva wa lori, alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mimi nami niliamua vivyo hivyo. Sikuuliza neno. Nilisoma Zaburi, nikawafariji waliokuwapo, nikaondoka. Siku ya nne nilirudi kumzika. Baada ya miaka kadhaa, katika semina ya watumishi, nilimsikia daktari akizitaja dalili zile zile moja baada ya nyingine, na jina la ugonjwa aliokuwa akiueleza lilikuwa kisukari cha utotoni, yaani kile ambacho kongosho huacha kabisa kutengeneza insulini. Kipimo cha mkojo kingeonyesha sukari katika dakika chache. Siwezi kuthibitisha kwamba ndicho kilichomwua. Ninachokijua ni kwamba hakuna aliyempima, maana sote tulidhani kuwa wembamba wake umekwisha kutuambia yote.

Unono na wembamba katika Kagera

Yeyote anayetaka kuona jinsi watu wanavyoweza kuusoma mwili wa mwenzao kwa namna zilizo kinyume kabisa, na autazame mkoa wa Kagera. Mwishoni mwa mwaka 1861 Mwingereza John Hanning Speke, aliyekuwa akitafuta chanzo cha Mto Nile, alifika kwa mfalme Rumanika wa Karagwe. Katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863 anasimulia kwamba wake wa mfalme na wa wakuu walinoneshwa kwa maziwa hata wakashindwa kusimama. Alimwomba mmoja wao, shemeji yake mfalme, amruhusu kumpima kwa utepe, naye akakubali baada ya Speke kukubali kumwonyesha mikono na miguu yake mwenyewe isiyo na nguo. Wakati upimaji ukiendelea, binti ya mama huyo, wa miaka kama kumi na sita, alikuwa ameketi akinywa maziwa chunguni, na baba yake alishika fimbo ili asiache.

Wasomaji wengi wa habari hii huishia kwenye mshangao wa unono wenyewe. Mimi naona fimbo ile ndiyo inayostahili kuangaliwa zaidi. Unono ulikuwa sifa ya nyumba, lakini aliyeubeba hakuulizwa. Na mgeni aliyeshika utepe, ingawa alistaajabia mambo ya wenyeji, alimwandika mwanamke yule kama mtu anavyoandika vipimo vya mnyama adimu. Wote wawili, baba na mgeni, waliusoma mwili usio wao.

Katika mkoa huo huo, mwaka 1983, ndipo wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walipotambuliwa. Watu waliuita ugonjwa huo "Juliana", kwa jina la kitambaa cha biashara kilichotoka ng'ambo ya mpaka. Huko Uganda waliuita "Slim", neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba, na kwa jina hilo hilo Dkt. David Serwadda na wenzake waliuandika katika jarida la Lancet mwaka 1985. Baadaye mitaani pakazuka msemo wa kukanyaga miwaya. Hivyo wembamba, ambao hapo kwanza ulikuwa dalili ya njaa au ya kazi nyingi, ukawa shitaka. Mwenye kifua kikuu alishitakiwa nao, mwenye saratani alishitakiwa nao, na hata yule aliyezaliwa mwembamba katika ukoo wa wembamba alijikuta akijieleza mbele za watu bila kuulizwa.

Neno unyanyapaa lilienea katika Kiswahili cha vyombo vya habari wakati huo. Kitenzi chake ni cha zamani. Kunyanyapaa ni kuona kinyaa kumkaribia mtu au kitu. Wazungu hutumia neno la Kiyunani, stigma, ambalo lilikuwa alama iliyotiwa mwilini mwa mtumwa au mhalifu ili kila amwonaye ajue yeye ni nani. Msomaji wa Agano Jipya atalikumbuka neno hilo katika Wagalatia 6:17, mahali ambapo Paulo anajivunia chapa alizo nazo mwilini. Mwanazuoni Erving Goffman alilitumia mwaka 1963 kueleza jinsi sifa moja ya mtu inavyoweza kumeza sifa zake nyingine zote, asibaki baba, wala fundi, wala mwimbaji, bali alama tu.

Tangu mwaka 2004 dawa za kupunguza makali ya virusi zilianza kutolewa bure nchini, na waliokuwa wamelala wakaamka. Kunenepa kukawa ushuhuda. Lakini hofu ya wembamba haikutoka pamoja na ugonjwa. Mpaka leo muuguzi anayemshauri mama mwenye kisukari apunguze uzito huweza kujibiwa: "Nikikonda watasema nimeathirika." Jibu hilo si ujinga. Ni hesabu ya mtu anayejua majirani zake.

Kipimo kilitoka wapi?

Muuguzi huyo, anapomwambia mama kuwa uzito wake umezidi, hutumia kipimo cha uwiano wa uzito na urefu. Uzito kwa kilo hugawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mama wa kilo 80 mwenye urefu wa mita 1.60 hupata kama 31. Chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa ni upungufu, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene wa kupindukia. Namba hizi huonekana kama sheria ya maumbile, na kwa hiyo yafaa kujua historia yake.

Aliyeugundua uwiano huo ni Mbelgiji Adolphe Quetelet, katika miaka ya 1830. Hakuwa tabibu bali mtaalamu wa nyota na hesabu, mkuu wa kituo cha kutazamia nyota cha Brussels. Alitafuta "mtu wa wastani" katika taifa, na hakukusudia kumhukumu mtu mmoja mmoja. Karne iliyofuata, kampuni za bima ya maisha za Marekani, hasa Metropolitan Life, zilitoa majedwali ya uzito unaofaa ili kukadiria ni mteja yupi angekufa mapema. Mwaka 1972 Ancel Keys na wenzake walilinganisha fomula mbalimbali kwa vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 wa nchi tano, wakaiona ile ya Quetelet kuwa nzuri kuliko nyingine kwa uchunguzi wa makundi ya watu. Hapakuwa na mwanamke hata mmoja katika hesabu hiyo. Halafu mwaka 1998 taasisi za afya za Marekani zilishusha mpaka wa uzito uliozidi kutoka karibu 28 kwa wanaume na 27 kwa wanawake hadi 25 kwa wote, na Wamarekani zaidi ya milioni 25 waliolala wakiwa na uzito wa kawaida wakaamka wakiwa wamezidi. Kwa watu wa Asia, wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walisema mwaka 2004 kuwa hatari huanza mapema zaidi, kwenye 23 hivi.

Je, basi kipimo hicho ni cha uongo? La. Ila ni chombo kinachofaa kwa kazi moja kuliko nyingine. Hakitofautishi mafuta na misuli, wala mafuta ya mapajani na yale yanayozunguka ini na matumbo, ambayo ndiyo yenye madhara zaidi. Utepe wa kiunoni mara nyingi husema zaidi ya mizani.

Mabishano ya wataalamu

Mwaka 2013 Katherine Flegal na wenzake walikusanya tafiti 97 zenye watu karibu milioni 2.9, wakaona kwamba wale wenye uwiano kati ya 25 na 30 walikufa kidogo kuliko wale wanaoitwa wa kawaida, kwa tofauti ya asilimia 6. Lakini wenye 35 na zaidi walikufa zaidi kwa asilimia 29. Habari hii iliwakasirisha wengi. Mwaka 2016 kundi jingine la watafiti lilichapisha katika Lancet hesabu za watu milioni 10.6. Wao waliwaondoa kwanza wavutaji wa sigara, wenye magonjwa sugu, na wote waliokufa katika miaka mitano ya mwanzo. Hapo faida ya uzito uliozidi kidogo ikatoweka.

Sababu ya kuwaondoa watu hao, msomaji wa Afrika ya Mashariki ataielewa upesi kuliko profesa wa Ulaya. Ugonjwa hukondesha kabla haujaua. Ukimhesabu miongoni mwa wembamba mtu ambaye tayari ana saratani asiyoijua, utadhani wembamba ndio uliomwua. Wapinzani nao hujibu kwamba ukiwaondoa watu wengi kiasi hicho, waliobaki hawafanani tena na taifa lolote. Kwa maoni yangu hoja ya pili ina uzito kuliko inavyopewa, ingawa haitoshi kuiangusha ya kwanza. Hata hivyo pande zote mbili zinakubaliana juu ya jambo moja, nalo ni kwamba unene mkubwa sana huongeza hatari.

Na hatari hiyo imetufikia. Uchunguzi wa vijiji sita vya Tanzania uliochapishwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wasiofikia 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulitaja karibu asilimia 9 ya watu wazima. Njia za kupima na umri wa waliopimwa havikuwa sawa, kwa hiyo tusizilinganishe namba hizo kama shilingi kwa shilingi, lakini hakuna daktari wa wilaya atakayebisha kuwa mambo yamebadilika. Wanawake wa umri wa kuzaa wenye uzito uliozidi walikuwa asilimia 18 mwaka 2004/05 na asilimia 28 mwaka 2015/16. Mafuta ya kupikia ya bei nafuu, soda, kazi ya kuketi, na bodaboda hata kwa mwendo wa robo saa, vyote vimo katika hesabu hiyo. Mtu mmoja hakujichagulia hayo yote.

Je, aibu hupunguza uzito?

Wengi wanaowachamba wanene husema kuwa wanawasaidia. Basi na tuitazame hoja hiyo.

Katika miaka ya 1944 na 1945, huko Minnesota, vijana 36 waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri, wengi wao wa makanisa ya amani kama Wakweka, Wamenonaiti na Wabrethren, walijitolea kulishwa chakula kidogo kwa miezi sita ili ijulikane namna ya kuwahudumia wenye njaa baada ya vita. Aliyeongoza alikuwa Ancel Keys yule yule. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Watu hawa wa imani na nidhamu walianza kuota chakula, kusoma vitabu vya mapishi, kuficha mabaki. Na walipoachiliwa walikula bila kutosheka kwa majuma mengi. Mwaka 2016 Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washindani 14 wa mchezo mmoja wa televisheni wa kupunguza uzito huko Marekani, miaka sita baada ya mchezo. Wengi walikuwa wamerudia sehemu kubwa ya uzito, na miili yao ilikuwa bado inatumia kalori kama 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotazamiwa. Mwili hulinda akiba yake kama mama wa nyumbani aliyewahi kuona njaa.

Aidha, Albert Stunkard alionyesha mwaka 1986, kwa watu wazima 540 wa Denmark waliolelewa na wazazi wasiowazaa, kuwa unene wao ulifuata wazazi waliowazaa na si wale waliowalisha. Mwaka 1994 ikagunduliwa leptini, homoni itokayo katika mafuta yenyewe na kuupasha ubongo habari za akiba. Dawa mpya za sindano kama semaglutide, iliyoruhusiwa Marekani kwa ajili ya uzito mwaka 2021, hutuliza hamu ya chakula kwa kuiga homoni ya utumbo. Mtu aliyepigana na tamaa miaka ishirini huiona imetulia kwa sindano moja ya juma, bila toba yoyote. Wale wanaosema kuwa hamu ya chakula ni suala la tabia tu wana deni la kutueleza hilo.

Kuhusu aibu yenyewe, uchunguzi wa Wamarekani zaidi ya 6,000 kati ya mwaka 2006 na 2010 ulionyesha kwamba wale waliobaguliwa kwa uzito, na ambao mwanzoni hawakuwa wanene wa kupindukia, walielekea kufikia hali hiyo kwa kadiri ya mara mbili na nusu ya wenzao. Pia mtu aliyechambwa kliniki hupunguza jambo moja kwa hakika: safari zake za kliniki.

Ulafi ni kitu gani?

Hapa watumishi tunahusika moja kwa moja. Mababa wa kanisa waliokemea ulafi hawakuutambua kwa kiuno. Gregorio Mkuu alitaja njia tano za dhambi hiyo: kula kabla ya wakati, kutaka vya anasa, kutaka vilivyoandaliwa kwa ustadi wa kupita kiasi, kula kingi mno, na kula kwa pupa. Ni njia moja tu kati ya hizo inayohusu wingi. Mtu mwembamba anayekataa ugali wa mwenyeji wake kwa kuwa haukuandaliwa apendavyo yuko ndani ya orodha hiyo, na mama mnene anayekula mara moja kwa siku baada ya kuuza vitumbua huenda hayumo kabisa.

Maandiko nayo hayawi rahisi kama tunavyodhani. Danieli na wenzake, baada ya siku kumi za mboga na maji, walionekana wanono kuliko vijana wote waliokula chakula cha mfalme (Dan. 1:15). Huko Marekani usharika mmoja mkubwa ulianzisha mwaka 2011 mpango wa kupunguza uzito kwa jina la nabii huyo. Nia yao ilikuwa njema, lakini sijui walikifanyia nini kifungu hicho. Na katika Mathayo 11:18-19 Yohana asiyekula aliambiwa ana pepo, naye Yesu aliyekula akaitwa mlafi. Umati ule ulikuwa na shitaka kwa kila mwili.

Sisi Walutheri tunaye baba aliyepita pande zote mbili. Katika mdahalo wa Leipzig mwaka 1519, Petrus Mosellanus aliyemwona Luther alisema ungeweza karibu kuihesabu mifupa yake. Picha za karakana ya Cranach za miaka ya baadaye zinaonyesha mwanaume mpana, na mwenyewe alikuwa akijitania kwa ajili ya unene wake. Sijaona mtu anayedai kuwa mafundisho ya kuhesabiwa haki yalipungua nguvu kadiri mkanda ulivyoongezwa tundu.

Katika kutembelea wagonjwa

Mwezi Januari 2025 jopo la wataalamu lililoongozwa na Francesco Rubino lilipendekeza kwamba uwiano wa uzito na urefu usitumiwe peke yake kumwita mtu mgonjwa. Wanataka mafuta yathibitishwe kwa njia nyingine, kama utepe wa kiunoni, kisha iulizwe kama kuna kiungo kilichokwisha kudhurika. Si wataalamu wote wanaokubali, lakini kwa mtumishi wa usharika pendekezo hilo lina swali la kufaa: tuulize juu ya kiu, haja ndogo, pumzi, usingizi, vidonda visivyopona, na lini mtu alipimwa sukari na shinikizo la damu mara ya mwisho. Hayo yote huulizwa kwa mnene na kwa mwembamba sawasawa.

Limezuka pia jambo jipya ambalo wengi hawalijui. Dawa ya dolutegravir, iliyomo sasa katika vidonge vinavyotolewa kwa wengi wanaoishi na virusi, huwanenepesha baadhi yao, hasa wanawake. Uchunguzi uliofanyika Johannesburg na kuchapishwa mwaka 2019 ulionyesha hivyo. Dawa ni nzuri na haifai kuachwa. Lakini mwaka jana mama mmoja wa kwaya alinijia baada ya ibada akanieleza kuwa ameacha vidonge kwa majuma matatu. Zamani walimcheka kwa kukonda, alisema, na sasa wanamwita pipa; afadhali arudie kule kwa kwanza alikokuzoea. Nilimweleza kwamba virusi havingoji, na kwamba kliniki waweza kumpima sukari na shinikizo la damu na kumshauri juu ya dawa pasipo yeye kuiacha. Alinyamaza kwa muda mrefu. Nilimwomba aniruhusu nimsindikize Jumanne iliyofuata, naye akakubali, mradi tusipite njia ya sokoni.